Soma jina la mji kwanza

Mimi hukusanya trei za zamani za baa za Uingereza, zile za bati za mviringo ambazo wahudumu walibebea glasi za bia, na kitu cha kwanza ninachotafuta kwenye trei ni jina la mji. Picha naitazama baadaye, bei naiuliza mwisho. Ninaishi Wolverhampton, katikati ya Uingereza, na kadiri rafu zangu zinavyojaa ndivyo ninavyozidi kuona kwamba habari nzima ya viwanda vya bia vya mikoani imo katika jambo hilo moja. Mji umeandikwa au haukuandikwa. Na kama uliwahi kuandikwa kisha ukaondolewa, uliondolewa lini, na nani alikuwa ameshamnunua nani.

Sikufundishwa haya na kitabu. Nilifundishwa na mama mmoja mzee niliyekuwa nikimhudumia kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee. Yeye na marehemu mumewe waliendesha baa kwa miaka mingi. Chumbani mwake mlikuwa na trei iliyochubuka, imeandikwa Butler's na Wolverhampton, ambayo alikuwa akiwekea kikombe cha chai na miwani. Siku moja nikamwuliza, "Mama, hii trei uliinunua wapi?"

"Trei hainunuliwi, mwanangu," akasema. "Trei huletwa na kiwanda."

Basi nikavuta kiti nikataka anieleze. Uingereza baa nyingi hazikuwa mali ya aliyesimama kaunta. Jengo lilikuwa la kiwanda cha bia, mwendeshaji alikuwa mpangaji, na sharti la upangaji lilikuwa kuuza bia ya mwenye jengo na si ya mwingine. Pamoja na mapipa, lori lilishusha kila kitu chenye jina la kiwanda: trei, visahani vya majivu ya sigara, vipande vya kadibodi vya kuwekea glasi, taulo za kaunta, majagi ya maji. Kwa hiyo trei iliyotumika kweli haikufika kwenye baa kwa sababu mtu aliipenda dukani. Ilikuwa alama ya umiliki. Ukijua ilitumika baa ipi na miaka gani, umejua ni kiwanda gani kilichotawala mtaa ule.

Mama huyo aliikumbuka vizuri siku utawala ulipobadilika. Lori lilikuja na bia mpya na trei mpya, wakaambiwa za zamani wazitupe. Akaficha moja chini ya ngazi. Mwanzoni aliniambia aliipenda rangi yake tu. Tulipozoeana alisema jambo jingine: baba yake alikuwa fundi wa mapipa pale Butler's maisha yake yote ya kazi, na hakuona sawa jina hilo liishie kwenye pipa la taka.

Kiwanda alichokisema kilikuwa Springfield, karibu na reli, kilichojengwa miaka ya 1870 na familia ya William Butler. Mwaka 1960 kilinunuliwa na Mitchells & Butlers ya Birmingham, na mwaka 1991 kikafungwa. Leo sehemu hiyo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Wolverhampton. Wakusanyaji wapya huchanganyikiwa hapa, na jina la mji ndilo linalowatoa. Huyo Butler wa Mitchells & Butlers ni mwingine kabisa: alikuwa William Butler wa Birmingham, aliyeungana na Henry Mitchell mwaka 1898 wakawa na kiwanda kikubwa cha Cape Hill, Smethwick, na alama yao ilikuwa paa anayeruka. Wapika bia wawili, jina moja, miji miwili isiyo mbali. Trei iliyoandikwa Butler's pamoja na Wolverhampton ni ya kabla kiwanda cha mji huu hakijanunuliwa. Baada ya hapo Mitchells & Butlers wakaungana na Bass mwaka 1961, na mwaka 1967 wakaongezeka Charrington wa London. Trei za Bass Charrington nilizo nazo hazitaji mji wowote. Zingetaja upi? Bia ilikuwa imekuwa ya nchi nzima.

Mfano unaoniuma zaidi uko hapa hapa nyumbani kwangu. Mwaka 1890 ilianzishwa kampuni iliyoitwa Wolverhampton & Dudley Breweries, wapikaji wa bia ya Banks's, miji miwili ndani ya jina la kampuni. Mwaka 1943 ikainunua Hanson's ya Dudley. Mwaka 1999 ikainunua Marston's ya Burton, na mwaka 2007 ikajipa jina la Marston's. Wolverhampton ikatoka, Dudley ikatoka, likabaki jina la ukoo la mtu wa mji mwingine. Kiwanda chenyewe kiliendelea kupika, na asubuhi nikienda kazini niliisikia harufu ya kimea hewani, lakini mwaka 2024 ukatangazwa mpango wa kukifunga mwaka uliofuata. Wakati huo jina la mji lilikuwa limeshaondoka miaka 17 kabla. Tangu nilipoona hivyo, ninapokuta trei ambayo mji umefutwa na toleo la zamani la trei hiyo hiyo lilikuwa nao, naichukulia kama dalili ya ugonjwa.

Mtu wa leo hushangaa kwa nini kila mji mdogo ulikuwa na kiwanda chake, ilhali karne ya 19 ilipoisha Uingereza ilikuwa bado na maelfu ya wapika bia. Bia ya pipa ni nzito, huharibika, na farasi hafiki mbali. Kiwanda kilihudumia baa zilizofikika kwa gari la farasi kwa siku moja, na shayiri, maji na hamira yake vilikuwa vya pale pale. Ladha ikawa ya mahali. Mji uliovunja mpaka huo ni Burton upon Trent, ambao maji yake ya visima yana jasi nyingi na huifanya bia ya rangi hafifu itoke safi na kali, na reli ilipofika wakaisambaza kila upande. Huko ndiko William Bass alikoanza mwaka 1777, na pembetatu nyekundu ya Bass ndiyo alama ya biashara namba 1 katika daftari la Uingereza, iliyosajiliwa Januari 1, 1876. Nina trei moja yenye pembetatu hiyo na jina Burton chini yake. Bass walikuwa wakubwa kiasi cha kujulikana dunia nzima, na bado waliona fahari kuutaja mji wao mdogo.

Jirani na mshindani wa Bass pale Burton alikuwa Samuel Allsopp, ambaye kiwanda chake kilianza kupeleka bia India miaka ya 1820 na alama yake ilikuwa kiganja chekundu. Hapa nitatoka kidogo nje ya Uingereza, kwa sababu jina hilo nililijua kabla sijajua Burton iko wapi. Mtu yeyote aliyepanda matatu Nairobi analijua: Allsopps, pale Barabara ya Thika inapokutana na Outer Ring. Mahali hapo palipata jina kutokana na kiwanda cha bia cha Allsopps, na utingo bado wanaliita kila siku. Mwaka 1934 Allsopp wa Burton waliungana na Ind Coope, wapika bia wengine, kwa hiyo trei iliyoandikwa "Ind Coope & Allsopp" haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo. Mwaka 1961 Ind Coope wakaingia kwenye muungano mwingine pamoja na Ansells wa Birmingham na Tetley Walker, na jina la Allsopp likazidi kufifia kwao lilikotoka. Nilipopata trei ya kiganja chekundu kwenye soko la Jumapili, lile ambalo watu huuzia vitu kutoka kwenye buti za magari yao, muuzaji hakujua Allsopp ni nani. Nilimweleza kwamba Nairobi watu hulitaja kila siku. Akanipunguzia bei.

Miaka ya 1960 ndiyo iliyomaliza wengi, na sababu haikuwa bia mbaya. Majengo ya baa yalikaa kwenye viwanja vyenye thamani katikati ya miji, na vitabu vya hesabu vya viwanda vya kifamilia mara nyingi bado vilionyesha bei za zamani. Aliyenunua kiwanda alinunua ardhi. Tena ilikuwa imekuja bia ya keg, iliyochujwa na kusukumwa kwa gesi, isiyoharibika njiani, ikatangazwa kwenye televisheni kwa nchi nzima. Mji ulioumia waziwazi ni Norwich. Mwaka 1963 Watney Mann wa London walivinunua kwa pamoja viwanda vyake viwili vikubwa, Bullards na Steward & Patteson, ambavyo vilikuwa vimegawana sehemu kubwa ya baa za Norfolk. Ndani ya miaka michache vyote viwili viliacha kupika. Kiwanda cha mwisho cha Watney mjini humo kilifungwa mwaka 1985. Ukizipanga mezani trei za Norfolk utaona nanga ya Bullards na jina Norwich, halafu ghafla pipa jekundu la Watney, moja, nyingine, nyingine tena. Niliwahi kuzipanga hivyo mbele ya watoto wangu, na binti yangu mdogo akauliza mbona hawa wamekuwa sawa wote. Sikuwa na la kuongeza.

Watu hawakukaa kimya. Mwaka 1971 wanaume wanne wakiwa likizoni Ireland walianzisha chama cha kutetea bia ya pipa, CAMRA, na kwa kweli bila kelele za chama hicho hata wapikaji wadogo wa hapa kwetu, Batham's na Holden's, pengine ningekuwa nawajua kwa trei tu. Mwaka 1989 serikali nayo ilitoa amri ya kuwabana wapika bia wakubwa wenye baa zaidi ya 2,000. Wengi wao walijibu kwa kutenganisha biashara ya kupika na biashara ya kumiliki majengo, na baa zikaangukia mikononi mwa kampuni ambazo hazipiki bia kabisa. Kwangu mimi hapo ndipo trei kama ushahidi wa mtaa ilipokufa. Trei ya baada ya hapo hukueleza bia gani ilitangazwa mwaka ule, haikuelezi jengo lilikuwa la nani.

Sasa niseme kuhusu bati lenyewe, maana hapo ndipo furaha yangu ilipo. Kabla ya bia, eneo hili lilikuwa tayari nchi ya trei. Bilston na Wolverhampton, tangu karne ya 18, zilikuwa na mafundi waliopaka bati vanishi nyeusi iliyokaushwa kwenye tanuri, wakachora juu yake maua na ndege kwa mkono, na trei zao zikauzwa mbali sana. Jumba la makumbusho la Bantock House linazo. Nenda ukaone akili za mafundi wale. Kilicholeta trei ya bei nafuu ya baa ni uchapishaji. Mwaka 1875 Robert Barclay wa London alipata hataza ya njia ya kuchapa juu ya bati: mchoro ulitoka kwenye jiwe, ukapita kwenye silinda laini, kisha ukabanwa kwenye bati gumu bila kulivunja jiwe. Bati lenyewe lilitoka sana kusini mwa Wales, hasa Llanelli. Ndiyo maana kiwanda kidogo cha Felinfoel, kando ya Llanelli, ndicho kilichokuwa cha kwanza Uingereza kutia bia kwenye makopo, mwaka 1935. Majirani zao walikuwa wafua bati waliokuwa wakitafuta kazi.

Kwa hiyo trei ninayoishika huwa na miji mitatu: mji wa bia, mji wa bati, na mji wa mchapaji. Jina la mchapaji huwa kwa herufi ndogo sana ukingoni au nyuma, na mara nyingi ndilo linaloniambia umri kuliko picha yenyewe. Ninabeba kioo cha kukuzia kwa ajili hiyo tu.

Nakala za kisasa ni nyingi, hasa za Guinness, kwa sababu ndege wake, yule tukani aliyechorwa na John Gilroy miaka ya 1930, anapendwa na kila mtu. Kuzitambua si kazi ngumu ukijua trei ilivyofanya kazi. Trei ya kweli huchakaa katikati, pale vitako vya glasi vilipozunguka mwaka baada ya mwaka, na huchakaa pande mbili za ukingo, pale kidole gumba cha mhudumu kilipokaa. Nyuma huwa na mikwaruzo iliyonyooka ya kusukumwa kaunta. Trei iliyozeeshwa makusudi huwa na kutu kila mahali kwa kipimo sawa, kama nguo iliyotiwa madoa na mtu mmoja kwa siku moja. Nusa pia. Trei iliyokaa baa miaka 20 ya moshi wa sigara huwa na utando wa njano kwenye mkunjo wa ukingo, na utando huo hauigiki kirahisi.

Ndiyo sababu naomba watu wasizisugue. Sifongo laini, maji ya vuguvugu, tone la sabuni, kitambaa kikavu hapo hapo, basi. Usitumie msasa, siki, wala steelwool ya sufuria. Rangi iliyochapwa kwenye bati ni nyembamba mno, na ukishaifuta pamoja na kutu umefuta mji, umefuta mchapaji, na umefuta kidole gumba cha mtu aliyefanya kazi miaka yote ile. Mimi huziweka wima na karatasi katikati, mahali pakavu, mbali na ukuta wa nje. Kutu ndogo naiacha ilivyo, naipaka nta kidogo ili isiendelee.

Lakini lililo gumu zaidi si bati. Ni watu. Yule mama wa Butler's alifariki, na familia yake ikanipa trei. Ningekuwa sijamwuliza, ningekuwa na bati lenye jina. Kwa kuwa nilimwuliza, ninajua baa ilikuwa mtaa gani, baba yake alifanya kazi gani, na trei ilikaa wapi siku lori lilipokuja. Niliyaandika yote kwenye kadi nikaibandika nyuma, na tangu siku hiyo hakuna trei inayoingia rafuni bila kadi. Trei isiyo na mtu wa kuieleza nainunua mara chache sana, hata iwe nzuri.

Kazi hiyo ya kadi ndiyo iliyonirudisha kwa mjomba wangu, aliyekuwa mhudumu wa baa Thika. Nilimpigia kumwuliza kuhusu trei za kwetu. "Trei?" akasema. "Mwanangu, hizo tulipeleka nyumbani zikawa za kupepetea mchele." Akanitafutia moja hata hivyo, ya Castle, na shangazi akampa mgeni aliyekuwa anakuja Birmingham. Naijua habari yake sasa. Wapika bia wa Afrika Kusini walifungua kiwanda cha Castle pale Thika mwaka 1998 kushindana na Tusker, ambayo imepikwa Ruaraka, Nairobi, tangu miaka ya 1920. Mwaka 2002 kampuni hizo mbili zilikubaliana: kiwanda cha Thika kikafungwa, na upande wa pili wa mpaka kiwanda cha Kibo Breweries kilichokuwa Moshi nacho kikafungwa. Makubaliano yale yale, miji miwili. Niliposoma hivyo nilikumbuka Norwich mara moja.

Tofauti ni moja, nayo ndiyo inayonihangaisha. Bullards wa Norwich waliandika Norwich. Trei ya mjomba haina neno Thika popote, mbele wala nyuma. Nani atakayejua, mjomba akishaondoka, kwamba bati hili lilibeba bia iliyopikwa umbali wa kutembea kutoka baa ile? Kwa hiyo safari hii mji niliuandika mwenyewe. Nilimkalisha mjomba kwenye simu jioni nzima, akataja baa, akataja mtaa, akaeleza jinsi walivyokuwa wakibadilisha trei kulingana na mwakilishi wa kampuni gani ameingia mlangoni, wakificha za mpinzani chini ya kaunta. Kadi yake ndiyo ndefu kuliko zote.

Ninatafuta sasa trei ya Kibo kutoka Moshi, iwe imeandikwa mji au haikuandikwa, na za Jinja na za Luzira pia, maana Nile na Bell wana wazee wao wanaokumbuka. Nina trei mbili za Butler's za Wolverhampton zinazofanana, moja ni ya kubadilishana. Aliye na ya Moshi asiisugue. Aulize kwanza nani aliibeba na katika baa gani, aandike, kisha tuzungumze.